Redio Kumi na Nne na Mto Mmoja

Ilikuwa saa nane na dakika kumi na saba mchana. Siku hiyo naikumbuka kwa dakika zake, mwanangu, kwa sababu ziliandikwa katika vitabu viwili, na baadaye nikavilinganisha vitabu hivyo kwa mkono wangu mwenyewe nikitafuta mahali pa kujificha. Sikupapata.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Sasa nimevuka hamsini, na bado nafanya kazi ileile: nafunga redio za upepo, zile za kuitana na kujibizana, mahali ambapo simu ya mkononi haishiki. Wewe unayejifunza kazi hii leo una bahati ya kuwa na walimu. Mimi niliishia darasa la saba pale Ipogolo, Iringa. Fundi mmoja wa mjini Iringa, mzee wa Kiislamu ambaye babu zake walitoka pwani, aliniuzia redio iliyokufa pamoja na kitabu chake cha maelekezo cha Kiingereza. Kitabu hicho nilikisoma kwa kamusi, kurasa mbili kwa siku. Kilinichukua miezi minne. Nilipokimaliza, redio ilikuwa inaongea, na mimi nilikuwa naamini kwamba hakuna jambo duniani lisiloandikwa katika ukurasa fulani. Hilo ndilo lililokuwa kosa langu la kwanza, ingawa halikuwa lile nililokusudia kukusimulia.

Mwaka uliofuata, jumuiya moja ya watumiaji wa maji kule Usangu, mkoani Mbeya, ilipewa msaada wa redio kumi na nne. Walitaka mtu wa kuzifunga, na mtu wa bei nafuu nilikuwa mimi. Nilisimamisha nguzo, nikavuta waya za antena, nikaunganisha betri na sola. Kazi ya mikono iliisha kwa wiki tatu. Ikabaki kazi ya kichwa, yaani kupanga makundi.

Nitakueleza taratibu, maana hapa ndipo penyewe. Redio hizi ukiziacha wazi hukoroma mchana kutwa, na mwenye nyumba hatimaye huizima. Kwa hiyo huwekwa kimya, na kila moja hupewa namba yake ya tarakimu nne. Namba hiyo ikiitwa, redio hiyo tu hulia kengele na kufungua sauti. Kama unataka kuita watu wengi kwa mara moja, unazipa redio zao namba zinazoanza kwa tarakimu mbili zilezile, kisha unaita tarakimu hizo mbili na sifuri mbili nyuma yake. Ukiita 2100, redio zote zinazoanza na ishirini na moja zitalia pamoja. Zinazoanza na ishirini na mbili hazitasikia chochote. Mwenye kupanga namba, basi, ndiye anayeamua nani atasikia pamoja na nani. Mimi nilikuwa nimeuelewa ukurasa huo vizuri kabisa. Nilichokuwa sijauliza ni kwa nini mtu aitwe.

Siku ya kupanga, walikutana katika darasa la shule. Wakulima wa mpunga walikaa mabenchi ya kulia. Wafugaji, wengi wao Wasukuma waliohamia kutoka kaskazini na mifugo yao, walikaa kushoto, karibu na mlango. Watu wa zahanati na wa ofisini walikaa nyuma. Mwenyekiti wa wakulima, Mzee Mgaya, alisimama akasema, "Kijana, utupange mbalimbali. Tukipeana zamu za maji, sitaki Msukuma awe anasikiliza."

Mfugaji mmoja akajibu bila kuinuka, "Na sisi tukihamisha ng'ombe hatutaki mkulima asikie. Kabla udongo haujakauka kwenye jembe lake, ameshafika kwa mtendaji."

Watu wakacheka pande zote mbili, nami nikaona nimepata amani kwa bei rahisi. Katibu alikuwa na daftari la mahudhurio, amelipiga mistari: wakulima watano, wafugaji wanne, wengineo watano. Nililichukua daftari lile nikalinakili kama lilivyo. Wakulima wakawa kundi la ishirini na moja. Wafugaji wakawa ishirini na mbili. Wengineo, pamoja na kituo cha mlimani na redio yangu mwenyewe ya Ipogolo, wakawa ishirini na tatu. Nilipanga mtandao kama watu walivyokaa darasani. Nikaandika kwenye karatasi safi, nikaipigia mstari mwekundu, nikairudufu mara kumi na nne, na kila redio nikaipa kitabu cha kuandikia saa na habari.

Kule mlimani, mto unapotoka milimani kushukia tambarare, alikaa Ambokile, Mnyakyusa mpole ambaye kazi yake ilikuwa kusoma kipimo cha maji. Kwake nilimwandikia sharti moja: maji yakipita alama nyekundu, ita 2100. Sababu ilikuwa na akili yake. Wakulima wana banio, pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni kuingia kwenye mfereji, na mafuriko yakiwakuta milango iko wazi, majaruba yao yanasombwa. Wafugaji hawana banio. Nikajiambia, maji ni jambo la wakulima.

Ikaja masika. Saa nane na dakika kumi na saba mchana, Ambokile aliona maji yamepita alama. Akaita 2100 kama nilivyomwandikia. Redio tano zikalia. Kabla ya saa tisa wakulima walikuwa wamefunga milango yote ya banio, wakapeana mikono, na Mzee Mgaya akaandika katika kitabu chake kwamba mtandao umefanya kazi.

Lakini maji yanayonyimwa mfereji hayarudi mlimani. Yanabaki mtoni na kuteremka. Chini ya banio, mwendo wa saa mbili kwa miguu, kuna kitongoji cha wafugaji kinachoitwa Mwandutu, na hapo kuna kivuko. Redio ya Mwandutu niliiweka nyumbani kwa Mama Minza, mama wa makamo aliyekuwa mkali wa maneno na mwaminifu wa kuandika. Mchana ule alikuwa amekaa hatua tatu kutoka kwenye redio, anapepeta mchele. Redio ilikuwa nzima, betri imejaa, na kimya. Saa kumi na nusu jioni mwanawe, Masanja, aliingia kivukoni na ng'ombe. Maji yalimkuta katikati.

Hesabu mwenyewe, mwanangu. Kutoka saa nane na dakika kumi na saba hadi saa kumi na nusu ni saa mbili na dakika kumi na tatu. Muda wote huo habari ilikuwa hewani, inapita juu ya paa la Mama Minza, na namba nilizozipanga mimi ndizo zilizomzuia kuisikia.

Masanja alipona. Alishika shina la mkuyu akakaa juu yake mpaka asubuhi maji yalipopungua, na tangu siku hiyo bega lake la kushoto halijawahi kuinuka sawasawa. Ng'ombe ishirini na tatu hawakupona.

Nilipopata habari nilipanda basi hadi Chimala, nikapanda lori la mpunga, nikafika Mwandutu siku ya tatu. Kabla hata ya kutoa pole sawasawa niliomba kuiona redio. Ndiyo, mwanangu, naona haya kukuambia, lakini nasaha isiyo na aibu ndani yake haina chumvi. Nilipima betri. Nilipima antena. Nilimwomba Ambokile aiite redio ile kwa namba yake peke yake, na kengele ikalia vizuri. Nikafurahi moyoni. Nikamgeukia Mama Minza na daftari langu mkononi.

"Mama, hitilafu haipo. Redio ni nzima."

"Nzima?"

"Nzima kabisa."

"Sawa," akasema. "Basi mbovu ni nani?"

Nikaanza kumweleza habari za makundi, tarakimu mbili za mbele na sifuri mbili za nyuma. Alinisikiliza mpaka mwisho, maana alikuwa mtu wa adabu. Kisha akafunga kitenge chake kiunoni.

"Wewe Mhehe, kitabu kimekunenepesha kichwa, miguu imebaki myembamba. Simama twende."

Tulitembea kandokando ya mto, kutoka Mwandutu kupanda kuelekea kwenye banio. Alitangulia yeye. Kila tulipofika kwenye mji wa mtu, yaani makazi yake, alisimama akaniuliza jambo moja tu: maji yakija, baada ya huyu yanafika kwa nani? Mwanzoni nilijibu kwa makundi yangu. Huyu ni mfugaji, mama. Huyu ni mkulima. Akatikisa kichwa. "Sijakuuliza anafanya kazi gani. Nimekuuliza maji yakitoka hapa yanakwenda kwa nani." Tulipofika mji wa tano nilikuwa nimeanza kuona. Mji wa mfugaji ulifuatwa na shamba la mkulima, shamba likafuatwa na zahanati, zahanati ikafuatwa na zizi. Mto ulikuwa umewapanga watu kwa mpango wake, nao haukufanana hata kidogo na mabenchi ya darasani. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi nilikuwa nimetandika vitanda kumi na vinne bila kulalia hata kimoja.

Tulikaa kupumzika karibu na banio. Hapo akanieleza kuhusu mwano.

"Kwetu," akasema, "mtu akiibiwa ng'ombe, au simba akiingia zizini, anapiga mwano. Ni yowe, lakini lina sheria. Anayesikia hana ruhusa ya kuuliza aliyepiga ni nani, wa ukoo gani, tuligombana lini. Anapokea, anakimbia, na yeye anapiga ili wa mbele yake asikie. Ukisikia ukanyamaza, kijiji kinakutoza, na watu hawatakuja kwako siku yako. Baba yangu alitozwa ng'ombe dume kwa sababu alinyamaza. Alisema alidhani mwano ule ni wa watu wa ng'ambo."

Akaondoa mwiba kwenye kandambili yake.

"Redio yako ni mwano mzuri. Unafika mbali kuliko koo la mtu. Lakini umeufundisha kuchagua. Kama isingekuwapo ile redio, Ambokile angemtuma mtu na baiskeli, mtu angepiga kelele njia nzima, nasi tungesikia. Umetuletea chombo, tukaacha kelele zetu, tukakaa kimya tukakiamini. Mimi nilikuwa napepeta mchele."

Hakunidai kitu. Ningependa angenidai. Nilikwenda Mbeya kwenye ofisi ya jumuiya nikiwa nimeukalia mfuko wa mpunga ndani ya lori, na njia nzima nilikuwa nafanya hesabu ambayo haikubadilika: saa mbili na dakika kumi na tatu.

Ndipo nilipokumbuka ukurasa mmoja wa kile kitabu. Niliusoma zamani nikaupita haraka, nikiona ni pambo la watengenezaji. Ulisema redio moja inaweza kubeba namba zaidi ya moja. Inaweza kuwa ya kundi hili na la lile kwa wakati mmoja, kama mtu anavyoweza kuwa baba wa nyumba yake na bado akawa mtu wa kijiji. Nilikuwa na jibu mkononi tangu mwanzo, ila sikujua swali.

Niliomba mkutano mwingine. Watu walikaa mabenchi yaleyale, kulia na kushoto. Nikawaambia kosa ni langu, nikawasomea dakika kutoka vitabu viwili, cha Ambokile na cha Mama Minza. Cha Mama Minza siku ile, kabla ya ile saa kumi na nusu Masanja alipoingia mtoni, kilikuwa na neno moja tu: "Kimya." Kisha nikawaambia ninachotaka: makundi yao yabaki kwa mambo yao ya ndani, lakini kila redio iliyo kando ya mto iongezewe namba ya pili inayoanza na thelathini na moja, kufuata maji yanavyoteremka, mlimani ikiwa 3101 na Mwandutu 3112. Maji yakipanda, Ambokile ataita 3100. Zitalia zote za kando ya mto, pamoja na yangu ya Ipogolo na ya ofisini Mbeya, ambazo nazo nitaziongezea namba ya kundi hilo.

Mzee Mgaya hakupenda. "Kwa hiyo mimi nikiongea habari za milango yangu, Mwandutu wananisikiliza?"

"Siku ya mafuriko, ndiyo, mzee."

"Wataniingilia."

Mama Minza akasema kutoka upande wa mlango, "Baba, siku ile ulipofunga milango, uliniingilia wewe. Tena na maji."

Watu hawakucheka. Mzee Mgaya alitazama mikono yake, kisha akasema, "Andika."

Niliongeza sharti moja ambalo halimo katika kitabu chochote, nalo nalishika mpaka leo popote ninapofunga mtandao. Kundi likiitwa, wa kwanza kujibu ni yule aliye mbali kabisa na mwitaji, yule wa mwisho kwenye mstari. Wa karibu wanangoja. Kwa kawaida wa karibu ndio hupayuka kwanza, "Nimesikia, nimesikia," na mwitaji huridhika, na wa mwisho husahauliwa. Akijibu wa mwisho kwanza, unajua sauti imefika mpaka chini. Asipojibu, unajua kazi bado, na wa jirani yake lazima atume mtu.

Masika ya pili mto ulipanda tena. Safari hii ilikuwa saa tatu na dakika nane asubuhi. Mimi nilikuwa nyumbani Ipogolo, nakunywa chai, redio yangu ikalia. Nikamsikia Ambokile akitangaza alama. Kisha kimya kifupi, wote wakingoja wa mwisho.

"Mwandutu nimesikia." Ilikuwa sauti ya Mama Minza. "Kabula, mke wa Masanja, yuko ng'ambo, ana mtoto mgongoni na ndama kumi na mmoja. Nimemtuma Masanja akamvushe. Mzee Mgaya, upo?"

"Nipo, mama."

"Usifunge kwanza."

Kikombe nilikishika bila kunywa.

"Mama," akasema Mzee Mgaya, "miche yangu ina siku kumi na mbili kitaluni. Maji yakiingia inaondoka yote."

"Najua, baba. Naomba dakika ishirini."

"Ishirini. Nahesabu."

"Hesabu. Ng'ombe wangu wakipita shambani kwako unajua kuhesabu, dakika zikushinde?"

Mtu mmoja hewani akacheka, akakata haraka. Kisha tukangoja. Nilitazama saa ya ukutani. Zilipita ishirini, Mzee Mgaya hakusema kitu. Zikapita ishirini na tano. Ilipofika thelathini na nne, redio ikafunguka.

"Wamevuka wote," akasema Mama Minza. "Funga, baba."

Baadaye niliona kitabu cha Mzee Mgaya. Alikuwa ameandika saa aliyofunga, na chini yake idadi ya vitalu vilivyosombwa: viwili. Hakuandika sababu.

Sitakudanganya kwamba tangu siku hiyo wakulima na wafugaji wa pale walipendana. Msimu huohuo walishtakiana kwenye baraza la kata kwa ajili ya ng'ombe waliokula mpunga, na shauri likachukua wiki mbili. Lakini hakuna aliyeniomba nizifute namba zinazoanza na thelathini na moja. Ugomvi wao ulibaki kwenye makundi yao, na mto ukabaki na wake.

Sasa sikiliza, mwanangu, maana najua unafunga mitandao Kilolo na kwingineko, na hata simuni mwako una makundi mengi kuliko niliyowahi kupanga mimi. Utaitwa na watu, na watu watakuambia wanataka kukaa na nani. Wasikilize, lakini usianze hapo. Anza na hatari. Uliza moto ukiwaka unakwenda wapi, maji yakipanda yanateremkia kwa nani, ugonjwa ukiingia zizi hili zizi la pili ni lipi. Wale wote walio kwenye njia hiyo ni kundi moja, wawe wanasalimiana au hawasalimiani. Ukishawaunganisha hao, wape na vyumba vyao vya faragha. Chombo kinaruhusu, na utu unaruhusu.

Tembea njia yenyewe kwa miguu kabla hujaandika namba ya kwanza. Daftari la mahudhurio litakuonyesha nani alikuja mkutanoni. Halitakuonyesha nani atazama.

Usijivunie ukimya wa chombo chako. Unapowaondolea watu kelele zao za zamani, umejitwika wajibu wa kelele hizo. Na ukiambiwa mtu ameumia, mpe pole kwanza, vipimo baadaye. Chombo kinaweza kuwa kizima na kazi ikawa mbovu, na mbovu huyo akawa wewe. Ukimkuta mtu wa kukuambia hivyo usoni bila kukufukuza, mfuate anakokupeleka, hata kama miguu ni myembamba.

Mungu akupe masikio mapana kuliko antena zako, akulinde na haraka ya kuonyesha kwamba mikono yako ni safi, na awafikishe ng'ambo salama wote watakaokaa kimya wakikutegemea. Pokea neno hili bila malipo, kwa kuwa nami sikulilipia. Alililipia Mama Minza, kwa ng'ombe ishirini na tatu ambao kwa bei ya mnadani ya mwezi ule walikuwa shilingi milioni nne na laki sita.